Nyumba Iliyoligeuzia Ziwa Mgongo

Komisioneri, dalali wa nyumba, aliyenitumia picha ile alisimama pembeni kabisa, nadhani mguu mmoja ndani ya mtaro wa jirani, ili nyumba ionekane inatazama barabara kama nyumba za watu wengine. Nilicheka kwa sauti dukani kwangu, mpaka mama aliyekuwa akipapasa vitenge akaniuliza kama nimepata habari ya harusi. Nikamwambia ni zaidi ya harusi. Nyumba ya Kinindo inauzwa. Habari hiyo nimeingoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Kisha nikasoma maneno aliyoandika dalali huyo chini ya picha: kiwanja kikubwa, karibu na ziwa, ndani kuna nyumba ya zamani "yenye inaweza kubomolewa". Kicheko kikakatika. Nikampigia simu nikamwomba asimpeleke mteja mwingine kabla sijafika, naye akanijibu kwa adabu kwamba mteja mwingine ameshaiona, na jioni anarudi na fundi wake kupima mahali pa kusimamisha ghorofa.

Nikamwachia jirani duka nikapanda teksi. Njia nzima pua yangu ilikuwa imetangulia, na ilichonusa si petroli wala samaki wa kukaanga wa pale njia panda. Ilinusa kanzu inayopigwa pasi.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu ya Buyenzi, na kazi yake ilikuwa kunyoosha kanzu. Siku za kuelekea Idi uwanja wetu ulijaa kanzu nyeupe zilizoning'inia kama watu waliopanga foleni. Alizitia wanga wa muhogo, akazinyunyizia maji kwa vidole, akazipiga kwa pasi ya makaa mpaka ukiushika mkunjo wa mkono unaogopa kujikata. Mwenye kanzu akija kuichukua, Bibi aliishika mabegani, akafumba jicho moja, na ukosi ukiwa umeegemea upande hata kwa upana wa uzi, kanzu ilirudi mezani na mwenyewe akaambiwa akae anywe chai. Jicho lile halikuishia kwenye nguo. Akienda kutembelea watu alinyoosha mikeka yao. Msibani alisogeza picha ukutani. Mimi alinigeuza kichwa kwa vidole viwili kila nilipokaa upande upande nikila.

Wenzangu mliokulia Buyenzi mnakumbuka nyumba zetu zilivyokaa: bega kwa bega, milango yote ikitazama barabara, na barabara zenyewe zimenyooka kabisa. Ungesema mtaa ule ulinyooshwa na Bibi. Lakini chumbani kwake kulikuwa na kitu kimoja kilichopinda, na kilimuuma kimya kimya. Waliochora zile barabara hawakumuuliza mtu kibla kiko wapi. Baba alikuwa na dira ndogo aliyoletewa na rafiki yake aliyerudi Makka, na kwa dira hiyo alimchorea mama yake mstari wa chaki sakafuni. Mstari ulikata chumba mshazari, ukaanzia chini ya kitanda na kwenda kugonga mguu wa kabati. Hapo ndipo Bibi alipotandika mswala wake, pembe moja imekunjwa chini ya kitanda, na akisujudu kichwa chake kilikuwa karibu kuligusa kabati. Kila akimaliza kusali aliukunja mswala haraka, kama mtu anayeficha nguo iliyoungua kwa pasi.

Baba alikuwa makanika, na kwa miaka mingi alitengeneza gari la Mgiriki mmoja mfanyabiashara tuliyemwita Musiyu Yani. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa kwao, na sasa naye alitaka kuwafuata. Alikuwa akiuza nyumba yake ya Kinindo, aliyoijenga mwenyewe alipokuwa kijana, na kabla ya kuweka kibao getini alimwambia baba kwanza. Baba alirudi siku hiyo macho yanang'aa. Alitaka tuwe na nafasi, watoto tusilale kama dagaa, na awe na mahali pake pa kutengenezea magari. Ila hakuwa na njia nyingine ya kuipata ile nyumba isipokuwa kuuza ya Buyenzi, na ya Buyenzi ilikuwa ya Bibi. Babu alimwachia yeye. Neno lake tu ndilo lililotakiwa, na neno lake lilikuwa apana.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Baba alinichukua siku moja alipokwenda kubadilisha mafuta ya gari, na nilipoiona nyumba ile nilisahau kufunga mdomo. Ilisimama juu ya nguzo nyembamba, gari likiegeshwa chini yake kama kuku chini ya meza. Paa lake halikuinuka katikati kama mapaa ninayoyajua. Lilizama katikati na kuinuka pembeni, mithili ya kitabu kilichofunguliwa, na maji ya mvua yote yalikimbilia kwenye mdomo wa saruji na kumwagika ndani ya beseni kubwa la duara. Ukuta mmoja mzima ulijengwa kwa matofali yenye matundu, na jua likipita humo, sakafuni kulijaa madoa ya mwanga. Nilirukaruka juu ya madoa hayo nikijaribu kutolikosa hata moja. Sakafu yenyewe ilikuwa ya vijiwe vya rangi rangi vilivyosagwa vikang'aa, na kati yake mistari myembamba ya shaba.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba nyumba ile haikutazama barabara. Geti lilikuwa hapa, barabara hapa, nyumba imeelekeza bega huko. Hata ziwa haikulitazama. Ungetegemea mtu aliyejenga karibu na Tanganyika aweke madirisha yake upande huo ili ale upepo na kuiona milima ya Kongo, sivyo? Upande wa ziwa kulikuwa na ukuta mtupu, hauna hata kijidirisha. Nikaitazama kwa muda mrefu, nikapata maelezo yangu. Nyumba hii imeitwa. Kuna mtu aliiita kwa nyuma, ikaanza kugeuka, ikasimama katikati ya kugeuka kwa sababu watu walikuja. Nikamuuliza baba kama nyumba inaweza kugeuka. Baba alikuwa chini ya gari, spana mdomoni, akasema labda. Mtoto akipewa "labda" na mtu mzima, juu yake anajenga ghorofa.

Tangu hapo sikumpa Bibi nafasi ya kupumua. Nilimsimulia beseni, nguzo, madoa ya mwanga. Nilimsaidia kukung'uta majivu ya pasi nikimsimulia. Alikuwa na majibu yake tayari. Nyumba isiyo na uwanja ni gereza. Choo ndani ya nyumba ni uchafu. Na majirani wa Kinindo, hata ukilia, hawatakuja kukuuliza umefiwa na nani. Haya yote alimwambia baba pia, bila hasira, akiendelea kunyoosha, na baba alizoea kunyamaza mbele ya mama yake. Lakini nilimwona jioni akikaa kizingitini na kutazama mikono yake, na nikajua kwamba hili analitaka kweli. Musiyu Yani alikuwa ameshaanza kufunga masanduku. Kibao kilikuwa kimewekwa getini.

Mwishowe Bibi alikubali kwenda kuiona, mara moja tu, ili niache kumtoboa masikio. Alijifunga kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikawa kama bati. Nilikuwa na furaha ya kuruka, nikamshika mkono kutoka teksi hadi getini nikimvuta, baba nyuma yetu na sanduku lake la spana. Geti likafunguliwa. Bibi akasimama. Akafumba jicho moja.

"Imepinda," akasema.

Nilikuwa nimemsimulia kila kitu nikasahau nani ninamsimulia. Bibi akaanza kuzunguka, mikono nyuma, na kila alipopita niliona nyumba ikifutwa. Kuhusu matofali ya matundu alimuuliza baba kama Mgiriki yalimwishia matofali mazima. Kuhusu paa alisema mtu aliyelijenga alilishika juu chini. Alipofika kwenye ule ukuta mtupu alisimama, akatazama upande wa ziwa, akatazama ukuta, akatikisa kichwa. Alisema mutu mwenye adabu hawezi kuligeuzia ziwa mgongo. Baba alitembea nyuma yake akijifuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono ilikuwa safi.

Musiyu Yani alitukaribisha sebuleni akatuletea chai mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, anayezungumza Kiswahili cha sokoni bila aibu. Bibi alikunywa kwa heshima lakini hakuegemea kiti. Nilijua maana yake: mgeni asiyeegemea haji tena. Kisha akatazama kivuli cha nguzo nje, akasema alasiri imeingia, akaomba maji na mahali pa kusalia.

Musiyu Yani akasema mahali popote, nyumba ni kama yake. Bibi akatawadha. Baba akatoa dira yake mfukoni, akaiweka sakafuni, akangoja sindano itulie, kisha akatandika mswala. Akautazama. Akauinua, akaangalia dira tena, akautandika upya. Mswala ulilala palepale. Ukingo wake ulikuwa juu ya mstari wa shaba, kutoka pembe hadi pembe, kana kwamba fundi aliuweka mstari ule kwa ajili yake. Mbele yake ukuta wa matundu umenyooka sawasawa, hakuna kitanda, hakuna kabati, hakuna mguu wa chochote. Nyuma yake nafasi tupu mpaka mlangoni. Chumba kizima kilikuwa kimeelekea kibla.

Bibi alisimama juu ya mswala ule na sijawahi kumwona amenyooka vile. Alisali polepole. Aliposujudu, madoa ya mwanga yalikuwa mgongoni mwake na juu ya kitambaa chake cha kichwa. Mimi nilijibana mlangoni, kwa sababu niliona kitu ambacho wakubwa hawakukiona: nyumba ilikuwa imemaliza kugeuka. Nilikuwa na uhakika. Ilipoanza ilianza kwa ajili ya mwingine, nani sijui, lakini leo Bibi alipoingia ikamalizia safari yake kimya kimya, kwa heshima, kama mtoto anavyojigeuza mkubwa akipita.

Alipotoa salamu hakuinuka. Aliweka kidole juu ya mstari wa shaba, akakipeleka mpaka mkono ukaisha. Akafumba jicho moja. Kisha akamgeukia Mgiriki na kumuuliza ni nani alimwonyesha kibla alipokuwa akijenga. Musiyu Yani hakulijua neno hilo. Baba akamweleza. Mzee akacheka kidogo, si kwa dharau, akaeleza kwamba alipokuwa kijana alikaa kwanza kwenye nyumba ya kupanga, na jua la alasiri lilimchemsha humo kama yai. Ndipo alipompata mchoraji ramani aliyemshauri aachane na barabara. Kuta tupu ziende upande wa jua kuchomoza na upande wa kuzama, hata kama ziwa liko huko, na matundu yaende upande wa upepo.

"Mama," akasema, "mi nilikuwa nakimbia jua tu."

Bibi akainuka, akaukunja mswala bila haraka.

"Basi ulikimbia vizuri," akamwambia. Halafu, bila kugeuka, kwa sauti ile ile ambayo alimwagizia baba makaa: "We, ile ya Buyenzi uiuze."

Baba alitoka nje. Nilimwona kupitia matundu, ameegemea gari la Mgiriki, mabega yanatikisika, na nikafikiri anacheka. Nadhani alikuwa akicheka na kulia pamoja. Mimi furaha ilinizidi, lakini mara ikaingiliwa na hofu. Tukiondoka sasa hivi, na Bibi asipokuwepo, si nyumba itarudi ilikotoka? Barabara iko pale siku zote inaiita. Nikakimbia hadi kwenye sanduku la spana la baba, nikachukua msumari, nikaenda kwenye pembe ya ukuta mtupu. Nikachora mstari mmoja mrefu, kutoka ukutani kushuka mpaka kwenye saruji ya njia inayozunguka nyumba. Wazo nilikuwa nalo safi kabisa: nyumba ikisogea, mstari utakatika.

Kivuli kikaniangukia. Ni Musiyu Yani. Nilidhani nitapigwa, maana ni ukuta wa watu, lakini aliniuliza tu nafanya nini, na mimi nikamweleza yote, kuitwa, kugeuka, Bibi, barabara. Alisikiliza kwa makini kama ninamweleza ubovu wa gari. Kisha akapiga magoti kwa shida, akachukua ule msumari mkononi mwangu, akaupitisha mstari wangu tena na tena kwa nguvu zake zilizobaki, mpaka ukawa mfereji.

"Sasa tutaona," akasema, akanirudishia msumari.

Tuliishi pale utoto wangu wote uliobaki. Buyenzi walituchekea. Walisema tumehamia nyumba iliyolewa, na wateja wa Bibi walipouliza njia waliambiwa waende mpaka waone nyumba inayoyumba. Wakaja vilevile, na kanzu zao. Bibi aliweka meza yake ya pasi chini ya nguzo, upepo ukapita huku na huku, kanzu zikakauka haraka kuliko alivyowahi kuona. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba yule Mgiriki alikuwa muumini ila hakuna aliyempasha habari. Mvua ikinyesha tulikimbia wote kwenye beseni kusimama chini ya ule mdomo wa saruji, maji yakitupiga vichwani, na siku moja, naapa, Bibi alikuja naye akanyoosha mguu mmoja chini ya maji akacheka kama msichana. Na kila asubuhi kabla ya shule nilipita kwenye ile pembe kuangalia mstari wangu.

Bibi alifia humo, chumbani mwake, na hata mswala wake ulikuwa umetandikwa. Miaka mibaya ya vita ilipokuja baba alilazimika kuiuza haraka haraka ili atuvushe mpaka, na tuliondoka na vitu vya kubebeka mikononi tu. Baba hakuizungumzia tena. Lakini mimi na kaka zangu tulikubaliana zamani, kwa simu, kila mmoja akiwa nchi yake, kwamba siku ikiuzwa tena tutauza tulivyo navyo tuinunue, na mimi ndiye niliyerudi mjini kuingoja.

Komisioneri alikuwa akinisubiri getini, shati limechomekwa vizuri, funguo mkononi. Anaitwa Fabrice, na ni mtu mwema anayefanya kazi yake. Kabla sijavuka geti alishaanza kuniomba radhi. Alisema nisiijali nyumba, niangalie parcelle, kiwanja chenyewe. "Mama, nakuambia ukweli," akasema. "Iyi nyumba iko vibaya. Mwenye aliijenga hakujua kupima. Lakini udongo ni muzuri sana."

Nilikuwa nimeshaanza kuitazama. Wameziba matundu kwa saruji upande mmoja. Juu ya paa letu wameweka bati la buluu lililoinuka katikati kama nyumba zote. Beseni limegeuzwa kuwa bustani, limejaa migomba midogo. Nilitarajia kulia, na badala yake mapigo ya moyo yalikuwa yale ya msichana asiye na meno. Fabrice alifungua mlango, akanikaribisha ndani. Mimi nikapita pembeni, nikazunguka mpaka kwenye ule ukuta mtupu unaolipa ziwa kisogo.

Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, na chini majani yameota. Nikapiga magoti na kitenge changu kizuri. Nikang'oa majani, nikakwangua kwa funguo za duka. Kwanza saruji tu. Kisha ncha ya funguo ikatumbukia ndani ya mfereji.

Niliufuata kwa kidole kama Bibi alivyoufuata mstari wa shaba. Ukatoka kwenye njia, ukafika kwenye mshono pale njia inapokutana na nyumba. Hapo kidole kikasimama. Mtu mzima mwenye wajukuu, na niliogopa. Nikafumba jicho moja, nikapeleka kidole mbele. Mstari ulivuka mshono, ukapanda ukutani moja kwa moja chini ya rangi zote za watu wengine, haukukatika popote.

"Mama, ulipoteza kitu?" Fabrice aliuliza nyuma yangu.

"Apana," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia kama ilisogea."

Akaitazama nyumba, akanitazama na magoti yangu yenye udongo. "Na ilisogea?"

"Ata kidogo."

Akanipa mkono nikainuka. Aliuliza kama sasa niko tayari kuingia ndani kuona vyumba. Nikamwambia ampigie kwanza yule wa ghorofa, amwambie jioni asije.